Kengele Iliyoachwa Mdomo Juu

Mkono wa kushoto wa Hester Luscombe ulining'inia juu ya sakafu ya jikoni kama kitu kilichosahauliwa hapo na mwenyewe. Alikuwa ameinama, mkono wa kulia umeegemea meza, uso umeelekea mawe ambayo ameyapiga deki maisha yake yote ya ndoa bila kuyaangalia kwa karibu namna hii. Vilio la damu lilikuwa limeteremka kutoka begani hadi kiwikoni, zambarau ikawa kijani, kijani ikawa manjano ya siagi iliyochacha.

"Usiusukume," alisema Bronagh. "Kiwiliwili ndicho kinayumba, mkono unafuata tu. Kama mkonga wa tembo."

"Tembo nilimwona mara moja, kwenye sarakasi. Alikuwa na huzuni."

"Basi kama mkonga wa tembo mwenye huzuni. Lakini uyumbe, mama."

Bronagh alikuwa mtaalamu wa viungo, binti wa Ayalandi mwenye vidole baridi na gari bovu, aliyezunguka vijiji vya ukingoni mwa nyika ya Dartmoor akiwafufua watu magoti na mabega. Hakuwa na subira na watu wanaojihurumia. Hester alimpenda kwa hilo, ingawa hakumwambia.

Akayumba. Mkono ukaenda, ukarudi. Ulipofika mwisho wa safari yake, akasikia kichwani mlio mzito wa shaba. Uliporudi, akausikia tena ule ule, hafifu, kana kwamba umetokea nyuma ya ukuta. Akainuka ghafla.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mbona umekuwa mweupe kama chokaa?"

"Mimi ni Mwingereza. Ndiyo rangi yangu."

Bronagh alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Aliushika ule mkono, akaurudisha taratibu ndani ya kitambaa kilichouning'iniza shingoni. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kabisa, pale kichwa chake kinapoingia begani, vipande vitatu. Daktari wa mjini aliitazama picha, akasema vipande havijaachana sana na kisu hakina faida kwake. Mkono uning'inie, uzito wake wenyewe uivute mifupa ikae mahali pake, kisha uanze kazi. Mfupa ungejiunga wenyewe. Lililokuwa la kuogopwa ni bega, kwa sababu bega likiachwa huganda, na likishaganda halisikii dua.

"Nitaweza kuuinua juu ya kichwa?" Hester aliuliza.

"Kufikia lini?"

"Oktoba."

"Wengine huweza. Wengine huishia hapa." Bronagh alijigusa kwenye nyusi. "Kuna nini Oktoba?"

Hester alitazama kigingi kilichokuwa ukutani karibu na mlango, ambapo kofia ya sufu ya mumewe ilikuwa ikining'inia tangu vuli iliyopita bila kuguswa na mtu. "Kuna kamba ya kuvuta," akasema.

*

Kijijini hapo mkuu wa wapiga kengele wa mnara wa kanisa akifa, kengele yake hunyamaza mwaka mzima. Zile nyingine tano hupigwa kama kawaida, lakini kamba yake hukunjwa ikatundikwa kwenye ndoano ya dari, kitambaa cheusi kikafungwa juu yake, na hakuna mkono unaoigusa mpaka mwaka utimie. Siku hiyo mtu wa nyumba ya marehemu ndiye huivuta kwanza. Asipokuwepo, au akishindwa, kamba humwangukia mkuu mpya.

Jethro Luscombe hakuacha mtoto. Aliacha mke, na mkuu mpya alikuwa Mervyn Hannaford. Na Hester alikuwa amekula kiapo, amelala kwenye kitanda cha hospitali na bega limefura kama mkate, kwamba Mervyn Hannaford hataishika kamba ile maadamu yeye Hester anapumua.

Kisa chenyewe kijiji kizima kilikijua. Wapigaji wa huko wana fahari moja: hawaachi kengele imesimama. Kengele ya mnara ili ipigwe sawasawa huyumbishwa juu, juu zaidi, mpaka isimame mdomo ukitazama mbinguni, ikiegemea kipande cha mti. Ikisimama hivyo ni kama bunduki yenye risasi. Mtoto akiigusa kamba yake, shaba nzito kuliko ng'ombe inageuka, na kamba inapaa na chochote kilichoishika. Minara mingine huziacha zimesimama wiki nzima na tangazo mlangoni. Hapo hapana. Hapo kila wakipiga humalizia kwa kuzishusha, mlio ukisogeleana na mlio mpaka unazimika, na mabibi walioko majumbani hujua kwa kusikia tu kwamba mnara umelala salama. Jethro aliwahi kumfukuza kijana wa watu kwa kusahau kushusha. Alimfukuza mbele ya wenzake, hakumrudisha.

Februari, katika mwaka wa ukimya, Hester alichukua ufunguo wa marehemu, akapanda mnarani peke yake mchana. Hakwenda kupiga. Alikwenda kushika tu ile sehemu ya kamba iliyosokotwa kwa sufu nyekundu na nyeupe, mahali ambapo viganja vya mumewe vilikuwa vimeilainisha mpaka ikawa kama shingo ya paka. Akaifungua kutoka kwenye ndoano, wala hakutazama sufu inaning'inia wapi. Kamba iliyotundikwa haikuambii kama kengele yake imelala au imesimama. Akaishika kwa mikono yote miwili, akaivuta kidogo, kama mtu anayegusa mlango kuona kama kuna mtu ndani.

Kwanza ikalegea. Kisha ikapaa.

Neno la kwanza analofundishwa mpigaji, kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kusimama, ni hili: ikikushinda, achia. Hester mwenyewe alikuwa amewafundisha watoto wa vizazi viwili. Na Hester hakuachia. Alikwenda juu na kamba mpaka viatu vyake vikatazama sakafu kwa mbali, ndipo akaanguka juu ya mawe kwa bega.

Mervyn ndiye aliyemkuta. Alifika akihema, na matope ya bustani magotini. Na wale wa gari la wagonjwa walipouliza ni mwendawazimu gani aliyeacha kengele imesimama, Mervyn alivua kofia akajibu neno moja.

"Mimi."

*

Mtu aliyevunjika hapo halali chali. Kila akilala, vipande vya mfupa hukumbushana. Hulala ameketi, mito huku na huku, na nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja tu cha kuweza kumlaza mtu ameketi, nacho kilikuwa kiti cha Jethro. Ndicho alichofia. Jumamosi moja ya Oktoba alirudi kutoka mnarani, akala pai ya nyama ya kondoo, akajiegemeza. "Nafumba macho kidogo," akasema. "Nina kazi sijaimaliza."

"Kazi itakungoja," alimjibu Hester, akakusanya sahani.

Sasa kila alfajiri Hester aliamka na kichwa chake kimo ndani ya shimo lililochimbwa na kichwa cha mumewe kwenye kitambaa cha kiti. Shimo lilikuwa juu kidogo kwake, Jethro alikuwa mrefu, kwa hiyo shingo yake iliinuka kama ya mtu anayechungulia. Mara nyingi aliamka kwa sababu mkono mbovu ulikuwa umejaribu kwenda juu wenyewe. Alihisi sufu kiganjani. Alihisi kule kulegea, na kule kupaa, na jambo lile la katikati ambalo hakuwa amemwambia daktari wala padri wala Bronagh: kwamba kabla ya maumivu, miguu ilipoachana na sakafu, alikuwa na furaha.

Wanakijiji waliomtembelea walimletea keki na maneno. Mmoja aliapa kwamba mchana ule, kengele ya Jethro ilipolia peke yake katikati ya ukimya wake, ng'ombe waliacha kula. Mwingine alisema wazee wawili waliokuwa kwenye baa walisimama wakavua kofia, wakifikiri ni marehemu amekuja kuchukua kilichobaki. Hester aliwasikiliza, akiwamiminia chai kwa mkono mmoja.

Mervyn pia alikuja. Alikuja na vitunguu vya bustanini mwake, akaja na mayai, akaja mikono mitupu. Hester alimwona kupitia dirishani, mzee mpana aliyevaa koti la mvua, na hakufungua. Vitunguu viliozea pale kizingitini. Bronagh, ambaye aliviruka kila alipoingia, siku moja alishindwa kuvumilia.

"Huyu bwana wa vitunguu ni nani?"

"Ni mtu aliyenivunja."

"Ah. Nilidhani ni mchumba."

"Mdomo wako utakuponza, binti."

"Umeshaniponza mara nyingi. Haya, tembeza vidole ukutani."

Majira yakageuka. Vilio la damu likafifia, kitambaa cha shingoni kikavuliwa mchana, kisha kikavuliwa kabisa. Hester alisukuma taulo juu ya meza kama anayefuta vumbi lisilokwisha. Alijifunza upya kufunga sidiria, kuchana nywele kwa kukishusha kichwa kwenye mkono badala ya kuupandisha mkono kichwani. Alisimama mbele ya ukuta, akavitembeza vidole kupanda plasta kama mdudu mzee, kila siku vikikwama mahali pale pale, chini ya kigingi cha kofia. Hapo bega liligoma. Aliweza kusukuma, kutukana, kulia. Halikusogea.

"Unajizuia," alisema Bronagh. "Nyama za bega lako zinakaza kabla hata hazijaumia. Zinaogopa nini?"

"Umri."

"Umri hauogopi, umri unachoka. Hizi zinaogopa." Akafungua mkoba wake, akatoa kapi dogo na kamba nyembamba. "Hii tunaifunga juu ya mlango. Unashika huku kwa mkono mzima, huku kwa mbovu. Mzima ukivuta chini, mbovu unapanda. Haufanyi kazi yoyote, unabebwa tu."

Hester aliitazama kamba ikipanda mlangoni na kuteremka upande wa pili. Akashika ncha zote mbili. Akavuta. Mkono wa kushoto ukainuka bila yeye kuuamuru, ukapita kifua, ukapita kidevu, ukienda mahali ambako mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiuitia, na jikoni kukajaa ule mlio, mzito, na ule wa nyuma ya ukuta, hafifu. Aliziachia ncha zote kwa pamoja. Kapi likang'oka, likamwangukia Bronagh mguuni.

"Kamba hapana," alisema Hester, akihema. "Kitu kingine chochote. Kamba hapana."

Bronagh aliketi kwenye ncha ya meza, akiusugua mguu wake. Safari hii hakutania. "Nisikilize, Bi Hester. Kiangazi hiki ndicho kilichobaki. Kikipita bila mkono huu kubebwa juu, utabaki ulipo, na Oktoba kamba yako atavuta mwingine. Mimi silali na bega lako. Wewe ndiye unayelala nalo."

*

Siku iliyofuata mlango uligongwa kwa ngumi, si kwa vidole.

"Shemeji, fungua. Leo nimetumwa."

"Na nani?"

"Na yule binti wa Ayalandi. Kanikuta barabarani, akaniambia nisipofunga kapi imara jikoni kwako atanifunga mimi. Na ninavyomwona, anaweza."

Hester alifungua kwa sababu alikuwa amechoka. Mervyn aliingia akipiga chafya, akavua viatu bila kuambiwa, akatoa bisibisi, parafujo na kapi la shaba la kutosha kuinua ndama. Alifanya kazi kimya. Kisha akatoa mfukoni kamba, na Hester alipoiona damu ilimpanda. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimesokotwa kwa sufu, nyekundu na nyeupe.

"Umeleta kamba ya mnara ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo kamba pekee ninayojua kuisuka, shemeji. Nyingine zingekukata kiganja."

"Toka."

"Natoka." Hakutoka. Alikuwa akiitazama kofia kwenye kigingi. "Niruhusu swali moja, kisha nifukuze mpaka Kiyama. Umewafundisha watoto wangu. Umewafundisha wajukuu wangu. Neno la kwanza huwa unawaambia nini?"

"Unalijua."

"Ikikushinda, achia. Sasa mbona wewe hukuachia?"

Hester alivuta kiti, akaketi. Sauti iliyomtoka haikuwa na hasira tena, na hilo lilimwogopesha mwenyewe.

"Nilidhani ni yeye."

Alingoja acheke. Mervyn aliiweka bisibisi mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

"Na kwa namna fulani," akasema, "alikuwa yeye."

Ndipo akamweleza. Siku ya mazishi alipanda juu kwenye kengele peke yake kufunga ngozi kwenye ndimi za zile tano, ili zilie kwa msiba, mlio mmoja wazi na mmoja wa kuzibwa. Akaikuta ile kubwa imesimama. Mdomo juu, jani kavu limeingia ndani yake kutoka dirishani. Hakuna aliyekuwa ameigusa baada ya Jethro. Jethro ndiye aliyeisimamisha, na Jethro ndiye aliyeiacha.

"Jethro hajawahi—"

"Hajawahi. Ndiyo sababu nilifunga mdomo. Yule kijana aliyefukuzwa alikuwa mpwa wangu, shemeji, mtoto wa dada yangu. Hajakanyaga kijiji hiki tena. Na watu walikuwa wamejaa kanisani, na jeneza liko chini ya miguu yangu. Kengele huwezi kuishusha kimya kimya. Ningeishusha, wangeisikia wote, na kila mmoja angejua Jethro Luscombe alikufa ameacha kengele imesimama. Nikasema, ina mwaka wa ukimya, hakuna atakayeigusa, nitaishusha ukiisha. Nikafunga mlango." Alijipangusa uso kwa kiganja chake kipana. "Nikasahau kwamba una ufunguo wake. Mchana ule nilikuwa napalilia. Mlio wa kwanza tu, nikajua. Nilikimbia, Hester, na nilijua nitakuta nini."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu alipoolewa na rafiki yake.

Hester alikuwa amekwisha kuondoka pale jikoni kwa mawazo. Alikuwa amesimama katika Oktoba ile, chini ya ngazi za mnara, na aproni kiunoni. Juu, Jethro alikuwa akiijaribu kamba aliyoirekebisha kwa kuipiga kengele yake peke yake, na yeye akapaza sauti: Jethro! Pai inapoa! Na kengele ikanyamaza. Masikio yake, yaliyofunzwa na mnara ule tangu usichana, yalisikia jinsi ilivyonyamaza. Haikufifia. Haikusogeza mlio kwenye mlio mpaka ikalala. Ilikatika juu kwa juu, kama mtu aliyeitwa katikati ya neno. Alisikia, na hakusikia, kwa sababu alikuwa akiwaza jiko.

Nina kazi sijaimaliza.

Kazi itakungoja.

Na ilikuwa imemngoja. Vuli yote, Krismasi, theluji ya Januari, ilisimama pale gizani mdomo wazi, ikingoja mkono.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema hatimaye. "Aje kula."

Mervyn alivuta kiti cha pili, akaketi. "Ilikuwa pai ya nini?"

"Kondoo."

"Basi hata mimi ningeshuka," akasema, na kitu kama kicheko kikamtoka, kikavunjika njiani, na wazee hao wawili wakanywa chai pande mbili za meza bila kutazamana.

Mervyn alipoondoka, Hester alisimama mbele ya mlango. Akaishika sufu kwa mkono mzima, akaizungushia vidole vya mkono mbovu sufu ya upande wa pili. Akavuta. Mkono ukapanda. Mlio ukaja, na ule wa nyuma yake ukaja. Meno yake yaligongana, jasho likamtiririka mgongoni, lakini safari hii aliuacha mkono uende, na palipouma pakauma kama pengine popote panapouma.

*

Kiangazi kizima jirani walisikia kapi likilia jikoni kwa Luscombe. Bronagh alikuja, akapima, akanuna, akasifu, na siku moja akaleta keki yake mwenyewe iliyoungua chini. Vidole vikapanda plasta. Vikafika chini ya kigingi, vikakaa hapo majuma, kisha asubuhi moja vikagusa ukingo wa kofia. Hester alijaribu kuivua. Kofia ilizunguka kidogo kwenye kigingi chake, vumbi likaanguka, ikabaki. Hakuna siku aliyopita zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa Septemba Bronagh alimsimamisha mbele ya kioo, akamwambia ainue mikono yote miwili. Wa kulia ulielekea dari. Wa kushoto ulisimama kwenye nyusi.

"Ndiyo hivyo?" aliuliza Hester.

"Inawezekana ndiyo hivyo."

"Kamba hupanda juu ya kichwa, binti. Mvuto wa kwanza hushikwa hapa." Aligusa kidevu. "Lakini inaporudi, mikono hufuata ncha mpaka juu kabisa. Usipoweza kufuata, huwezi kupiga."

"Basi tafuta mwenye kufuata," alisema Bronagh, akifunga mkoba wake, kama anayezungumzia mtu wa kumshikia ngazi.

Watoto hufundishwa hivyo. Mtoto hushika sufu, mwalimu hushika ncha ya chini, mkia wa kamba. Kengele moja, kamba moja, watu wawili: mmoja huvuta inapokwenda, mwingine huvuta inaporudi, mpaka mtoto akomae. Hester alikuwa mwalimu maisha yake yote. Alikaa na wazo hilo siku kadhaa. Kisha akatembea mwenyewe mpaka bustanini kwa Mervyn, akamkuta ameinama kwenye vitunguu.

"Nitashika sufu," aliuambia mgongo wake. "Wewe utashika mkia. Na ukinivuta vibaya nitakutangaza kijiji kizima."

Mervyn hakugeuka mara moja. "Ndiyo, shemeji," akaviambia vitunguu.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Wapigaji wengine walipanga migongo yao ukutani, kofia mikononi. Mervyn alikuwa ameshafunga ngozi upande mmoja wa ulimi wa kengele kubwa. Akaitoa kamba kwenye ndoano, akakifungua kitambaa cheusi, akakikunja, akakitia mfukoni. Hester aliiangalia sufu inaponing'inia, chini, karibu na kiuno. Kengele ilikuwa imelala. Aliangalia tena.

Akashika. Sufu ilikuwa baridi, na laini pale pale alipokumbuka. Bega lilikaza, likataka kukimbia na mkono wake. Alilingoja. Akavuta.

Kwanza vilikuwa vishindo vidogo, kama mtu anayesafisha koo. Wakaiyumbisha juu, juu zaidi, yeye akivuta sufu inapomfikia usoni na kuifungulia vidole, Mervyn nyuma yake akiifuata ncha mpaka dari na kuirudisha chini. Mlio wake ulikuwa wazi, ukatoka nje kupitia madirisha na kwenda nyikani. Mlio wa Mervyn ulikuwa ule wa ngozi, ule wa nyuma ya ukuta. Hester aliutambua. Alikuwa ameusikia akiwa ameinama jikoni, mkono ukining'inia, kabla hajajua unatoka wapi. Hakumwangalia Mervyn. Alisikia pumzi zake tu, na kwa kuwa hakugeuka, pumzi zingeweza kuwa za mtu yeyote mrefu.

Ilipofika juu kabisa wakaisimamisha. Mnara ukanyamaza. Juu yao shaba ilikaa mdomo wazi, kwenye ncha ya mizani yake, na kila mtu chumbani alijua inakaaje.

"Pumzika, shemeji," alinong'ona Mervyn.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini ya ngazi, changamfu, ya mtu aliyeandaa meza ukumbini na asiyejua kinachoendelea juu. "Jamani huko! Chakula kinapoa!"

Mmoja wa wapigaji aliinamisha kichwa. Mervyn alisimama na ncha ya kamba mkononi, akitazama kisogo cha Hester.

"Kipoe," alisema Hester.

Akavuta. Wakaanza kuishusha, kidogo kidogo, kamba ikipewa urefu wake, mlio ukiusogelea mlio. Nje kwenye ukungu milango ilifunguliwa, watu wakasimama vizingitini kusikiliza. Wazi, wa kuzibwa. Wazi, wa kuzibwa. Sufu iliteremka kutoka usoni pake hadi kifuani, kutoka kifuani hadi tumboni, na bega likateremka nayo. Alivuta mpaka hapakubaki cha kuvuta. Mlio wa wazi ukafifia, ukagusa mara moja zaidi, ukaacha.

Mervyn alikuwa ameshaifungua mikono yake. Hester alikuwa bado ameishika sufu, kwa wepesi, kama mtu anavyogusa mlango. Na juu, ndani ya giza, ulimi ukaenda wenyewe upande wa ngozi, pasipo mkono kuvuta, hafifu, mara moja, kisha mara moja tena.